Kahawa Aliyoimeza Mama Editha

Siku yangu ya kwanza kazini, Biharamulo, niliingia chumba cha kuonjea kahawa na stashahada niliyoipata Moshi kwa kujisomesha mwenyewe, nikibeba magunia. Sikushikwa mkono na mjomba wala mbunge. Mwonjaji Mkuu alinipa kijiko, akanionyesha pipa la kutemea. "Fyonza kwa kishindo, zungusha mdomoni, tema. Ukimeza, kahawa ndiyo itakuonja wewe."

Nikajua buni iliyovunda na ile iliyoanikwa chini ikanyonya harufu ya udongo. Kwa robusta, aina ya kahawa ya kwetu, wa kunizidi sijamwona.

Baadaye nilihamishiwa kiwanda cha kukoboa kahawa Ngara, nikiwa Mkuu wa Ubora. Mwonjaji wangu alikuwa Mama Editha wa Kibimba, mwenye ulimi mkali wa kuonja. Tatizo, alimeza kila kitu.

"Mama, mbona hutemi?"

"Mwanangu, wakulima wamesimama dirishani. Kwetu anayetema alichopewa amemwita mwenyeji mchawi."

Mikono ikaanza kumtetemeka. Usingizi ukamkimbia. Jumapili, siku ya mapumziko, kichwa kilimpasuka mpaka anywe. Tabibu wa zahanati alieleza: mwili umezoea kafeini, ile dawa iliyomo ndani ya kahawa; ipunguzwe taratibu. Nikapanga: pipa likae nyuma ya pazia ateme bila kuonekana, vikombe vya nyumbani vipungue kimoja kimoja, na alasiri asiguse kabisa.

Meneja wa kiwanda akapinga. "Huyo ni mlevi. Kuanzia leo asimeze hata tone. Kesho nitampima ulimi mwenyewe."

"Ukimkatisha ghafla ataugua."

"Kahawa si gongo! Stashahada yako ni ya uganga?"

Kesho yake Mama Editha alikuja amefunga kichwa kwa kanga, kichefuchefu kimemshika. Hakutofautisha buni nzima na iliyooza. Meneja akamfukuza palepale, wakulima wakitazama.

Nikamfuata ofisini kwake. "Bwana Meneja, chupa yako ya kahawa haikauki mezani. Iache siku moja tuone."

"Mimi ni mwanamume, bwana!"

Kesho yake aliiacha. Kabla ya mchana alikuwa amelaza kichwa mezani, anawafokea makarani, anadai ana malaria. Kipimo hakikuona malaria. Akanywa kahawa, akapona, na bado hakumrudisha mama wa watu! Ujinga ule unaniudhi mpaka leo.

Mama Editha aliufuata mpango wangu kwake Kibimba. Sasa anakunywa kikombe asubuhi, mara nyingine cha pili kabla ya mchana. Analala, na uzi anautunga sindanoni bila kutetemeka.

Nimestaafu. Vijana wa Kabanga wanaobadilisha fedha mpakani wanakunywa enaji za kopo, vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini, kama maji, kisha wananiuliza, "Shikamoo mzee, kiasi gani kinafaa?"

"Marahaba. Kile kinachokuacha ulale, na ukikikosa hakikugeuzi mbwa. Umezidisha? Punguza polepole. Mjamzito na mgonjwa wa moyo wamuulize daktari."

Juzi meneja mpya wa kiwanda alinituma nimrudishe Mama Editha kazini. Nilimkuta akipalilia maharage. Hakuacha jembe.

"Walinifukuza mbele ya wakulima. Waje waniombe mbele ya wakulima."

Nikafikisha ujumbe. Meneja akacheka. "Yote hayo kwa ajili ya mwonjaji mmoja, mzee?"

Nikavaa kofia, nikatoka. Kiti cha Mama Editha bado kitupu, na buni iliyovunda inapita mbele ya kiti hicho kila siku bila kuzuiwa, kama mgeni rasmi.