Kitabu Kimoja, Watoto Saba

Kitabu chetu cha Kiingereza kilinuka mafuta ya taa. Mwalimu Barnaba alikifungia kwenye sanduku moja na chemli yake, na mpaka leo, nikikutana na harufu ile hata huku Louisville, Marekani, magoti yangu yanakumbuka vumbi. Mimi ni Mrundi niliyelelewa kambini, magharibi mwa Tanzania, na msimu ninaousimulia ni wa kuvuna karanga, tulipokwenda shule na udongo kwenye kucha. Kitabu kilikuwa kimoja, watoto saba. Kiliwekwa chini, nasi tukachuchumaa kukizunguka. Wakubwa walishika upande wa mbele, ambako maandishi yanamtazama msomaji. Mimi, binti mdogo kuliko wote, nilisukumwa ng'ambo, na huko ng'ambo ndiko nilikojifunza kusoma. Nilisoma vizuri, sitajifanya mnyenyekevu. Ila herufi zangu zote zilikuwa kichwa chini, miguu juu. Ubaoni Mwalimu aliandika hesabu tu, kwa sababu chaki ilikuwa haba, kwa hiyo sikujua kama herufi zina namna nyingine ya kusimama.

Ukaja mtihani wa kupanda darasa, kusikiliza na kusoma. Kwenye kusikiliza Mwalimu alitusomea mara moja tu, kwa Kiingereza, habari za mtu aliyepotelewa na mbuzi, kisha akauliza maswali. Nilijibu yote, hadi rangi ya mbuzi. Kwenye kusoma, kila mtoto akapewa karatasi yake mwenyewe, mara ya kwanza maishani mwetu. Nikaipokea, nikaigeuza juu chini ili nisome. Mwalimu akaigeuza tena. Nami nikaigeuza.

"Wewe binti, unanifanyia mchezo?"

"Hapana, Mwalimu. Nasoma."

"Popo!" akapiga kelele mmoja wa wale wa mbele, na darasa zima likaangua kicheko. Nikapewa sifuri ya kusoma. Baba aliposikia, akasema, "Sawa. Jembe halina juu wala chini." Shule yangu ikaishia hapo, na jina la Popo likanifuata mpaka nilipoolewa.

Sikufa. Nilipoletwa Marekani nilipata kazi kwenye ghala huko Okolona, kusini mwa Louisville. Masanduku yalipita kwenye mkanda wa mashine, na wenye shule zao walizunguka huku na huku wakitafuta upande wa kusomea lebo. Mimi nilisimama popote pale. Lebo ikinijia kichwa chini ndiyo kwanza naifurahia. Nikawa msimamizi wa zamu, na wenye vyeti wakawa chini yangu.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Iroquois, na ghorofa ya juu yangu anakaa Lin, binti wa Kichina wa miaka kumi na saba, yuko sekondari ya juu. Sijaona mtoto kama huyu. Anasoma vitabu vya Kiingereza vinene kama matofali, na mtihani wa kusoma anaupata karibu wote. Lakini kule kwao Kiingereza alikipata kwenye karatasi, na mtihani wa kusikiliza alikuwa ameshauanguka mara mbili. Akianguka mara ya tatu, atabaki darasa la wanaojifunza lugha, na darasa la kemia analolitaka atalikosa mpaka amalize shule. Nilimkuta ngazini analia, bila sauti. Nikamwambia, "Shuka unisikilize mimi. Ukielewa Kiingereza changu, hakuna mtu jimbo zima la Kentucky utakayeshindwa kumwelewa."

Akashuka kila jioni, majuma sita, hata siku ya theluji. Nilikaanga vitunguu huku nikiongea, na bomba la maji nimeliacha wazi.

"Bibi, funga bomba kwanza."

"Silifungi. Siku ya mtihani utamfunga mdomo jirani anayekohoa?"

Akacheka, akasogeza kiti, akarudia neno kwa neno nililosema. Siku moja nikamsimulia yote haya, karatasi, kicheko na sifuri, kisha nikamuuliza kama Mwalimu Barnaba: "Haya, nani alianguka mtihani ule?"

"Mwalimu," akasema. "Hakuuliza kwa nini unaigeuza."

Nilirudi kwenye vitunguu. Havikuwa vinaungua.

Majibu ya mtihani wake wa tatu yalipofika, alishuka nayo kwenye bahasha. Akaikunjua karatasi mezani, mbele yake, kisha akafumba macho. "Siwezi. Soma wewe, Bibi." Mkono wake ukaanza kuigeuza inielekee mimi.

"Iache hapo hapo."

Karatasi za siku hizi hazinuki chochote, na kila mtoto ana yake. Hilo ni jema, mimi siyalilii ya kambini. Lakini jioni ile tulikuwa na karatasi moja, wawili, yeye upande wa mbele na mimi ng'ambo. Kusoma: amefaulu. Nikashuka mstari mmoja, nao kwangu ulikuwa unapanda. Kusikiliza: amefaulu. Nilimsomea kwa sauti mpaka mwisho, na hakuna aliyeigeuza.