Honi Iliyolia Bila Mkono

Shughuli nzima ilitugharimu mbuzi mmoja, debe la pombe ya mtama, fyuzi tatu, na majirani wawili waliohamisha njia yao ya kwenda ziwani. Nimehesabu mara mbili, sioni cha kupunguza. Kilichoimaliza ni kipande cha tepu kisichofika urefu wa kidole.

Mwanangu, umeniambia umenunua gari la zamani, la kabureta, lililokuzidi umri, na unataka kulitumia kila siku kutoka Busisi kwenda kazini Mwanza kwa kuwa sasa daraja lipo. Sikucheki. Mimi nimeendesha la namna hiyo tangu tulipokuwa tunapanga foleni ya kivuko. Ila kabla hujaniuliza habari za plagi na rejeta, nisikilize kwanza habari ya honi.

Nakumbuka jioni ya kwanza kama ninavyokumbuka bei za samaki. Baba alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Gari lake refu la rangi ya maziwa, lililokuwa likipeleka dagaa wetu mwaloni, soko la samaki la Mwanza, lilisimama uani kwetu Kigongo, pua ikitazama ziwa. Ufunguo ulikuwa kwenye upindo wa kanga ya mama. Jua lilikuwa limezama, na juu ya maji wale wadudu wa ziwani walisimama kama moshi wa moto usioonekana. Tulikuwa tunamenya viazi. Honi ikalia. Mara mbili, fupi, kama alivyopiga baba akifika getini.

Mama aliinuka, akafuta mikono, akaenda kufungua geti. Alifungua pande zote mbili, upana wa gari kupita. Akasimama akiitazama barabara tupu, kisha akafunga, akarudi kwenye viazi.

Jioni ya pili ikalia tena, wakati uleule, jua likishazama na bati za nyumba zikianza kutoa ule mlio wake wa kupoa. Jioni ya tatu majirani walikuwa wamekwisha kujua. Watu waliokuwa wakipita uani kwetu kwenda kuchota maji wakaanza kuzungukia mbali, na wanaonisalimia wakawa wananisalimia huku wakilitazama gari.

Tulimwita fundi. Alibadilisha fyuzi tatu, kwa sababu ndicho kitu alichoweza kukibadilisha mguu mmoja ukiwa nje. Honi ilipolia kichwa chake kikiwa chini ya boneti, aliondoka akaacha kandambili moja. Hajaifuata mpaka leo.

Hapo ndipo baba mdogo Masanja, mdogo wake marehemu, aliposema kaka yake anadai haki yake. Mwanangu, usimcheke. Kwetu mtu akifa na jambo lake halijakaa sawa, hatumpuuzi, tunamtambikia. Mbuzi akachinjwa. Pombe ya mtama ikamwagwa pale alipozoea kukaa: kwenye kiti chake cha garini, na nyingine, kwa heshima zaidi, juu ya usukani wenyewe. Baba mdogo akamwomba kaka yake apumzike.

Jioni ile honi ililia bila kukatika. Ililia mpaka sauti ikakonda, ikawa kama ya ng'ombe anayezama. Iliponyamaza, mbwa wa mtaa mzima walikuwa kimya. Mama alikuwa bado amesimama getini, geti liko wazi.

Kesho yake baba mdogo akatuma habari kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Akasema jambo limemshinda, na hawezi kuiacha familia ya kaka yake ikiishi na kitu kile uani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameogopa, na alikuwa na haki. Lakini lile gari ndilo lililokuwa linatulisha. Bila gari tungeuza dagaa palepale ufukweni kwa bei anayoitaka mwenye lori, na wadogo zangu watatu wangerudi nyumbani kutoka shule. Nilimwomba siku nne. Akanipa moja. Tukashikana hapo mpaka tukaangukia mbili, na nilitoka nikiona nimepata faida, mpaka nilipokumbuka kwamba sijui cha kufanya nazo. Mimi niliyekuwa nabishana na wachuuzi mpaka wanasahau bei yao, sikuwa na mkono wa kufungua mlango wa lile gari.

Shangazi Minza, dada mkubwa wa baba, alifika mchana huo kukaa nasi msibani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajaketi nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho huku akivua viatu.

"Inalia saa ngapi?" akauliza.

"Jua likizama tu, shangazi. Kila siku wakati uleule."

"Basi si yeye. Mdogo wangu huyo nimemlea mimi. Hajawahi kufika popote kwa wakati, hata harusini kwake. Leo afe ndiyo aanze kuwahi?"

Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Akanitazama, na sura yake ikabadilika.

"Kabula, wewe humnunui samaki bila kumfunua mashavu. Kwa nini hili la baba yako umelinunua kwa bei ya watu? Nenda ukatoe waya wa betri. Kama ni yeye, hahitaji betri."

Nilikwenda na spana moja. Chuma kilikuwa bado na joto la mchana, na ndani kulinuka pombe iliyochacha pamoja na kile kiti cha baba. Nililegeza waya wa hasi huku nikiomba radhi kwa sauti, sijui kwa nani. Kisha tukaketi sote uani tukilitazama: mama, shangazi, baba mdogo, mimi na wadogo zangu. Ziwa likawa jeusi. Wadudu wakapanda kama nguzo. Bati zikaanza kulia, moja moja. Wakati ukafika. Ukapita.

Sijapata kusikia ukimya kama ule. Baba mdogo alishusha pumzi. Nami nilikuwa tayari kushangilia, ndipo mama alipoinuka, akaenda mpaka getini, akaweka mkono kwenye komeo, asifungue.

"Leo hajaja," akasema.

Shangazi alinishika goti nisiongee.

Asubuhi nilifungua kifuniko cha usukani kwa bisibisi. Nikaukuta waya wa honi umechunika pale unapopita kwenye bomba la chuma linaloshika usukani. Waya ule una umeme hata ufunguo ukiwa ndani ya kanga. Ukigusa chuma, honi inalia. Mchana jua lilikuwa likipiga kwenye kioo, vyuma vinatanuka. Jioni vinapoa, vinajikunja, waya unagusa. Na ile pombe ilikuwa imeshuka mpaka pale ikaganda, ndiyo maana siku ya tambiko ilikataa kunyamaza. Nikafuta, nikazungusha tepu, nikarudisha betri. Siku iliyofuata mnunuzi wa vyuma alipofika, nilikuwa nimerudi na gari kutoka Mwanza na magunia matupu. Baba mdogo alimkaribisha chai, wakazungumza habari nyingine.

Mama hakula sawasawa mpaka mwisho wa juma.

Sasa nikupe nasaha zako, mwanangu. Kila asubuhi, gari likiwa baridi, tazama maji ya rejeta na oili kabla ya kuwasha, siyo baada ya kufika. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe, visugue. Kila waya unaopita kwenye tundu la chuma, uvishe mpira, maana mtikisiko wa barabara unausaga kila siku nawe huuoni. Nusa mpira wa petroli. Likifanya jambo la ajabu, toa betri, kisha subiri wakati uleule lilipotokea. Badilisha kitu kimoja, ujaribu, ndipo uguse cha pili. Usinunue kifaa kwa sababu ya hofu. Wauzaji wanaijua sura yake. Na kabla hujaunyamazisha mlio wowote, angalia nyumbani kwako ni nani anayeusikiliza.

Mungu akupe breki zinazoshika na injini inayokubali asubuhi ya mvua. Uvuke daraja ukienda, uvuke ukirudi, na walio nyumbani wakuone kwa macho yao.

Nami nina ombi. Gari bado ninalo, na mama bado yuko Kigongo, masikio yakiwa mazima kuliko magoti. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali. Nilipokuwa naaga akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei bila kutaka kuonekana mnunuzi: "Kabula, ile tepu inatoka?"

Nikamwambia nitaangalia. Sijaangalia. Jumapili nakwenda tena, na atauliza. Wewe sasa ni mwenye gari, na una mama. Nishauri, mwanangu, nimjibu nini?