Mashine ya Chuma ya Mzee Kiunga

Tangu miguu ya babake, mzee Kiunga, ikatae kumbeba, Karwirwa wa kijiji cha Muthara alimnyoa ndevu kila Jumamosi. Jumapili ya kwanza ya mwezi wazee wa kanisa humletea Meza ya Bwana nyumbani, na mzee, aliyekuwa mwalimu, hawezi kuipokea na ndevu. Kwake ni kama kwenda mbele za Mungu bila shati.

Mashine yake ya kunyolea ilikuwa ile ya chuma, unafungua kichwa na kuweka wembe mmoja. Mwezi mmoja iliponyoka mkononi mwa Karwirwa, ikaanguka kwenye simiti, shingo ikakatika. Akajaribu ya plastiki yenye nyembe tatu. Ilivuta ndevu, kidevu kikajaa vipele.

"Mwanangu, unaninyoa ama unaninyonyoa kama kuku?" mzee akauliza, akausukuma mkono wake.

Karwirwa akaenda Meru mjini kutafuta nyingine ya chuma. Maduka yote hayakuwa nayo. Kisha mlangoni mwa supamaketi akamwona msichana wa kampuni kubwa ya nyembe, jina lake Kagwiria, na mezani pake mashine ya chuma, mpya. Akashukuru Mungu kimoyomoyo.

"Hiyo si ya kuuza, mum," Kagwiria akasema. "Ni ya kuonyesha. Kampuni inauliza kama ikizirudisha sokoni itapata faida. Wewe ungenunua?"

"Hata saa hii."

"Na baada ya muda gani ungenunua nyingine?"

Karwirwa akaitazama mashine. Kusema kila mwaka kulikuwa rahisi, lakini ulimi ukakataa.

"Ya baba ilinunuliwa kabla nizaliwe. Na mimi niko na miaka hamsini na mbili."

"Angalau nyembe mnanunua zetu?"

"Tunanunua zozote za dukani. Zote zinaingia."

Kagwiria akacheka polepole huku akibonyeza majibu kwenye simu. "Mum, sasa kampuni itakula nini?"

"Basi futa, tafadhali."

"Yakishaenda hayafutiki."

Karwirwa aliishika ile mashine mara moja, ikawa nzito vile vile kama ya nyumbani, akairudisha mezani.

Jumapili wazee walibisha hodi. Mzee Kiunga, ndevu bado kidevuni, akavuta blanketi hadi puani.

"Waambie nimelala," akanong'ona.

Karwirwa akafungua mlango.

"Mwalimu yuko macho?" wakauliza.

Akatazama kikombe kilichofunikwa kitambaa cheupe.

"Yuko macho," akasema, na nyuma yake akasikia kitanda kikilia, mzee akigeukia ukuta.