Kadi Tatu za Mtambo wa Mawese

Kazi yangu ni kuunda kadi za kielektroniki zinazoendesha mitambo ya viwandani, na kadi ikifa naichunguza mpaka nijue imekufa kwa nini. Kazi hii naijua. Nimeshika chuma cha kulehemu tangu ndevu hazijaota, na wateja wangu toka Magara hadi Nyanza-Lac hawanitafuti kwa uzuri wa sura.

Kiwanda kimoja cha mawese hapa Rumonge kiliniagiza kadi ya kulinda joto la pipa la kuchemshia mafuta. Joto likizidi, kadi ifunge bomba la mvuke. Niliiweka ndani ya sanduku la chuma, na chini ya sanduku nikafunga feni ndogo ya kuipoza. Feni ile niliipenda mno. Nilimwonyesha hadi mlinzi wa getini.

Kadi ya kwanza ikafa baada ya wiki chache. Nikalaumu umeme wa kiwanda bila hata kuichunguza, nikafunga ya pili, nayo ikafa. Ya tatu ilipokufa, pipa zima la mafuta liliungua, na mkurugenzi akaniita ofisini. Mwendeshaji wa mtambo, mama wa makamo kutoka Gatete, alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Injeniyeri," mkurugenzi akasema, "huyu mama iko anafungua sanduku, anamwanga maji ndani. Andika raporo, useme ni kosa yake. Akende kwake."

Mama alikana mara moja tu. Nami, nikiri, nilimwamini mkurugenzi. Kadi zangu hazifi zenyewe, ndivyo nilivyojiambia. Lakini siweki sahihi kwenye jambo nisilolipima, kwa hiyo niliibeba kadi hadi nyumbani.

Chini ya kioo cha kukuzia niliona ukoko mweupe umetanda kati ya njia mbili za shaba, na shaba yenyewe imeliwa. Maji, nikawaza; mama wa watu kwisha kazi. Nikaulowesha ukoko kidogo, nikaugusa kwa kidole. Ukateleza kama sabuni. Hapo nikasita, maana maji ya kiwanda hutoka ziwani, na maji ya ziwa letu hayatelezi.

Mke wangu alikuwa anapika mchuzi. Kila aliyewahi kujimwagia mchuzi kwenye kanzu anajua kwamba doa la manjano likikutana na sabuni hugeuka jekundu. Nikamwomba manjano kidogo, nikapaka karatasi, kisha nikadondoshea yale maji ya ukoko. Karatasi ikawa nyekundu palepale.

Ni majivu! Tanuri la kiwanda huchoma mashada matupu ya michikichi, na majivu yake ndiyo hayohayo wanawake wetu wanayopikia sabuni. Yakipata unyevu hupitisha umeme mahali usipotakiwa. Na aliyeyaingiza ndani ya sanduku hakuwa mama. Feni yangu ilikuwa ikiyavuta toka sakafuni kutwa nzima na kuyapuliza juu ya kadi.

Niliona aibu iliyonichoma masikio. Nusura nimfukuzishe mtu kazi kwa kosa langu mwenyewe.

Kesho yake nikapeleka ripoti inayosema kosa ni la aliyeunda sanduku la kadi, yaani mimi. Mkurugenzi aliisoma mara mbili.

"Injeniyeri, unajichoma mwenyewe? Wakubwa wa Bujumbura watasoma hii."

"Wasome," nikamjibu. "Kadi ya nne naileta bila feni, na sanduku nitaliziba kabisa. Hiyo haitakufa."

Nilijua ninachosema. Kadi ile inafanya kazi hadi leo.

Mama akaitwa, akaambiwa anabaki kazini. Alimshukuru mkurugenzi, "Murakoze," kisha akanigeukia.

"Siku ile ulikuja kufunga ile feni, nilikuambia majivu itaingia. Ukanijibu, 'Mama, wewe angalia mafuta, umeme uniachie mimi.'"

Nilikumbuka. Nilisema maneno hayo, tena nikicheka, mbele ya wenzake wote. Nikaichukua ripoti mezani kwa mkurugenzi, na chini ya sahihi yangu nikaongeza mstari kwa mkono: mwendeshaji alinionya mapema, sikumsikiliza. Nikatia sahihi mara ya pili.