Taa Alizoleta Kaka Shabani

Siku zile bado nazikumbuka, mwanangu, ingawa sina hakika kama nazikumbuka sawasawa. Shule niliishia darasa la saba, na haya ninayoyaandika huenda ndugu zangu wangeyaeleza vingine. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa baada ya uhaba. Maduka ya Dodoma yalikuwa yamejaa vitu tulivyokwisha kuvisahau, na pikapu za Kijapani zilizotumika zilikuwa zikiingia mjini kila uchao.

Marehemu baba alituachia landrova kuukuu. Mama hakutaka iguswe. Kaka yangu Shabani alitaka iuzwe kwa wanaotafuta vipuri, apate pikapu ya kubebea vitunguu kutoka Kolo. Nisimwonee: yeye ndiye aliyekuwa akitulisha, na landrova ilikuwa haitoki uani. Basi wakakubaliana. Kulikuwa na watu wanakuja kutoka Dar kukagua magari ya zamani, kuona yapi yamebaki kama yalivyotoka kiwandani. Landrova ikipata cheti chao, inabaki. Ikikosa, Shabani auze, na mtu asimnunie.

Tukaanza kuiandaa. Baba mdogo Rajabu, aliyeiendesha tangu ujana wake, alitukataza kupaka rangi.

"Mnampaka bibi wanja wa nini? Hao wageni wanakuja kuangalia makunyanzi yake."

Tukawa tunafuta kwa matambara tu, na vumbi la kwetu unalijua: ukilifukuza asubuhi, mchana limerudi na jamaa zake.

Kazi ikawa kiti cha dereva. Enzi za uhaba kilichanika, na mzee mmoja wa Kigogo kule Buigiri akamshonea baba kiraka cha ngozi ya ng'ombe, manyoya na yote. Sasa mama akapata sokoni kitambaa kinachofanana kabisa na kile cha mwanzo. Akachemsha majani ya chai akitumbukize humo, kitoke kimechakaa.

Baba mdogo akaikuta sufuria jikoni.

"Shemeji, chai ya nani hii?"

"Ya kiti."

"Siku hizi viti vinakunywa chai?" Akacheka, kisha akaifunika ile sufuria. "Shemeji, mliahidiana na mwanao mbele yetu. Ukimshinda kwa sufuria hii, umemwibia. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yako inaishia humu humu ndani."

 Mama aliimwaga ile chai kwa hasira mpaka ikaturukia miguuni, na kiti kikabaki na ngozi yake.

Jioni Shabani akaingia na kifurushi cha gunia. Ndani mlikuwa na taa za mbele, zile zile za mwanzo, ambazo baba alizibadilisha zamani na Shabani akazihifadhi chini ya kitanda chake. Mama akamkazia macho.

"We si unataka ishindwe? Taa za nini?"

"Nataka ishindwe, mama. Sitaki ionewe."

Mkaguzi kutoka Dar alipokuja, alizisifu sana taa. Alipofika kwenye kiti akauliza, na Baba mdogo akamweleza yote, hata yale ambayo hakuulizwa. Cheti tukakikosa. Wapo waliosema domo lake ndilo lililotuponza. Labda. Mimi mpaka leo sijui kupima jambo hilo, na yeye sitamhukumu.

Kesho yake mama alimkabidhi Shabani ufunguo kwa mikono miwili. "Uza, baba. Asiyekubali kushindwa si mshindani." Landrova ilipovutwa kutoka uani mama alilia, na Shabani naye alilia, amegeukia ukutani. Pikapu ilipokuja, wa kwanza kupandishwa mbele alikuwa mama. Akapanda, akalalamika safari nzima kwamba kiti kinateleza, na Shabani akaendesha polepole.

Mwanangu, utashindana na watu wako. Hilo halikwepeki, hata vikombe kabatini hugongana. Ila usitafute ushindi ambao baadaye utakufanya uyakwepe macho ya ndugu yako. Na ukijua kitu kinachompa mwenzio haki, mpelekee, hata kama kitakuangusha wewe. Nyumba yetu ilipoteza gari. Watu wake haikuwapoteza.

Mungu akujalie kushinda bila kumdhulumu mtu, na siku utakayoshindwa, akujalie moyo wa kutoa ufunguo kwa mikono miwili. Amina.