Kapasita ya Kwanza Kutoka Mlangoni

Saa nne asubuhi kaka mkubwa aliingia sebuleni amekumbatia mfuko wa plastiki kama mtu anayetoka kupokea tuzo. Nyumbani walimwita Mkurugenzi. Hakuwahi kuongoza hata kikao cha mtaa, lakini hapakuwa na jambo chini ya jua ambalo hakulitolea maelekezo.

"Nimeipata kompyuta," alisema. "Ile ile. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja na iliyoharibika. Mtumba, lakini mtumba wa heshima. Ilikuwa ya mwalimu, na alikuwa akiitumia siku za kazi tu."

Dada yake, aliyekuwa amekaa mezani mbele ya taa yenye shingo ndefu, hakuinuka. Huyu watu wa mtaa walimwita Bi Lenzi, kwa ajili ya kioo cha kukuzia alichokining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliitumia katika jengo la simu, akikagua mitambo iliyokuwa ikiunganisha watu waliotaka kugombana kwa mbali. Siku jengo lilipofungwa, wakubwa walimshukuru kwa hotuba ndefu na saa ya ukutani. Saa ilisimama wiki ya pili. Hotuba, kwa bahati mbaya, aliikumbuka mpaka leo. Tangu hapo sebule yake ndiyo ilikuwa karakana, na wageni walizoea kuuliza kwanza kabla ya kukaa, maana kiti chochote kingeweza kuwa na redio iliyofunguliwa tumbo.

"Iweke hapo," alisema. "Usiiwashe."

"Kwani mimi mtoto?"

Bi Lenzi aliusogeza mfuko mbali na mkono wake, kwa ajili ya amani ya familia.

Katika chumba cha pili, kitindamimba wao wa kike alikuwa na roho mkononi. Alikuwa ameacha kazi ya kushona sare kiwandani, akaelekeza nguvu zake zote kwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga. Ndani yake mlikuwa na mayai mia mbili na arobaini, siku ya kumi na mbili. Mashine nyingine za aina hiyo huridhika na kidude kimoja cha kupima joto, kisicho na elimu yoyote. Hii, kwa ushauri wa Mkurugenzi, iliendeshwa na kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kipande cha sabuni, kwa sababu dunia imeendelea. Na alfajiri ya siku hiyo dunia iliyoendelea ilikutwa imezimika, balbu za joto zimelala, mayai yanapoa. Tangu hapo mwenye mayai alikuwa akipanga chupa za maji ya moto kati ya trei na kufunika kila kitu kwa mablanketi, akibaki yeye mwenyewe bila blanketi.

"Thelathini na nne nukta mbili!" alipiga kelele kutoka huko, macho kwenye kipimajoto cha mkononi. "Inashuka! Dada, si uchomeke tu?"

"Dakika arobaini," alijibu Bi Lenzi.

"Arobaini! Unaichumbia?"

Hiyo ndiyo kanuni yake, na haikuwahi kumpatia rafiki. Kifaa cha mtumba hakiwashwi kabla hakijasomwa. Mwangalizi wake wa zamani pale jengo la simu aliwafundisha kunusa kwanza, kuangalia pili, kupima tatu, na umeme uje mwisho kabisa, kama mgeni rasmi. Wateja waliona ni uvivu uliovaa miwani. Wengi walikuwa wamewasha vifaa vyao nyumbani kwanza, kwa haraka, kisha wakamletea majivu wakiuliza kama yana dhamana.

Alinusa. Mkurugenzi alicheka kwa pua.

"Skrubu nne," Bi Lenzi alisema, akiandika kwenye karatasi. "Mbili zinafanana, ya tatu ya redio, ya nne imetoka kwenye miwani ya mtu. Mwalimu wako aliifungua mara nyingi."

"Mwenye duka kaniapia haijawahi kufunguliwa."

"Basi ilizaliwa hivi hivi, maskini."

Aliinua kifuniko. Ndani mlikuwa na yai tupu la mende, jambo ambalo kwa siku kama ile lilionekana kama dhihaka, na vumbi la kijivu lililoganda pembezoni mwa chipu. Alilisugua kati ya vidole, akalitazama chini ya kioo.

"Saruji."

"Saruji gani?"

"Hii ya kujengea. Huyo mwalimu wako, kaka, alikuwa mwalimu wa kufyatua matofali."

Hata hivyo bodi yenyewe, kile kibao chenye njia za shaba, haikuwa mbaya. Namba zilizochapwa kwenye chipu kubwa hazikuwa zimekwanguliwa, tofauti na nyingi zinazouzwa sokoni, ambazo husuguliwa kwa msasa na kupewa umri mpya kama wachezaji wa mpira. Tundu la kadi ya kumbukumbu lilikuwa safi. Hilo lilikuwa jambo la maana, kwa kuwa maelekezo yote ya kulea mayai yalikuwa ndani ya kadi ndogo kama ukucha, iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa na kuwekwa salama ndani ya kikombe cha chai. Bodi mpya ikiwa pacha wa kweli, kadi ingeingia na kazi ingeendelea. Tundu la umeme lilicheza kidogo, kiungo kimoja cha risasi ya kulehemu kikiwa kimepasuka. Alikilehemu upya. Moshi mwembamba ukapanda, na Mkurugenzi akarudi nyuma hatua mbili, mtu wa dunia iliyoendelea.

"Thelathini na tatu nukta tano!"

"Umesikia?" kaka alisema. "Chaja nimekuja nayo, hii hapa, tuchomeke. Tundu lake ndilo hilo hilo, inaingia kama imepakwa mafuta."

Bi Lenzi aliigeuza ile chaja. Ilikuwa nyeusi, nzito, na ilimtazama kama mtu anayemfahamu. Volti kumi na mbili. Akairudia bodi, akafuata kwa ncha ya sindano njia ya shaba kutoka tundu la umeme. Kitu cha kwanza kilichosimama njiani, kama bawabu mlangoni, kilikuwa kapasita, kipipa kifupi cha kutuliza umeme. Aliinua kioo. Ubavuni iliandikwa: volti sita nukta tatu.

"Hii chaja ni ya nini?"

"Ya kompyuta."

"Hii ni ya king'amuzi cha sebuleni kwako. Nilikulehemia waya wake mwaka jana, alama yangu hii hapa. Bawabu huyu havumilii hata volti saba, wewe unamletea kumi na mbili. Chaja yenyewe iko wapi?"

Kaka alijitia hamnazo. Aliangalia dari, na dari, kama kawaida yake, haikumsaidia.

Ieleweke kwamba katika familia ile chaja zote ziliishi pamoja ndani ya kapu moja, bila majina wala ubaguzi. Sheria ilikuwa fupi: ikiingia, ndiyo yake. Simu, redio, taa ya kusomea, mashine ya kunyolea, zote zililishwa kwa imani hiyo, na zilizokufa zilizikwa bila uchunguzi.

Bi Lenzi alivuta ile kompyuta ya zamani, iliyokuwa imewekwa kando kama marehemu asiye na ndugu, akafungua skrubu zake nne zilizofanana zote. Safari hii hakuhitaji kuinama ili anuse. Kapasita ya kwanza kutoka mlangoni ilikuwa imepasuka kichwa, na chipu jirani yake ilikuwa na kitobo cheusi kama cha sigara.

"Kaka. Jana jioni ulikuwa na mechi."

"Mechi ilikuwepo, ndiyo. Nchi nzima iliangalia."

"Spika yako ya kusikilizia mpira haikuwa na chaja."

Mlangoni kitindamimba alikuwa amesimama na chupa ya maji ya moto kila mkono, na haikujulikana alikuwa hapo tangu lini.

"Niliiazima ya mashine ya mayai," Mkurugenzi alisema hatimaye, kwa sauti ambayo dada zake hawakuwahi kuisikia kwake. "Kwa kipindi cha pili tu. Nikaweka nyingine ya kapuni mahali pake, nisiiache kompyuta hivi hivi. Iliingia vizuri kabisa. Taa yake iliwaka, tena kwa nguvu kuliko siku zote. Nikasema, kumbe ilikuwa na njaa."

Kitindamimba aliweka chupa chini taratibu, moja, kisha nyingine, pengine kwa kuogopa kwamba zingeruka zenyewe.

"Siku kumi na mbili," alisema. "Nimeyageuza kwa mkono wangu mara tatu kwa siku, kaka. Nimeyaimbia. Na wewe asubuhi umekuja hapa ukanipa pole!"

"Ilikuwa pole ya kweli."

"Nenda kalete chaja," alisema Bi Lenzi. "Kimbia. Na usiniletee inayoingia. Niletee iliyoandikwa tano."

Mtu ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kukimbilia chochote, hata basi, alitoka mbio na kandambili moja. Aliporudi, akihema kama baiskeli inayotiwa upepo, Bi Lenzi alikuwa amemaliza kulinganisha bodi mbili herufi kwa herufi. Walikuwa mapacha kweli, isipokuwa mmoja alikuwa amekula saruji. Aliipima chaja kwa mita, akaandika, akaipima tena kwa kuwa ilijulikana imetoka mkononi mwa nani. Kadi ikaingia. Ndipo, dakika ya arobaini na tisa, mgeni rasmi akaruhusiwa.

Taa ndogo ya kijani iliwaka kwa adabu. Walibeba kompyuta hadi chumba cha pili, wakaunganisha nyaya. Kikasikika kilio kidogo cha swichi, na balbu zote sita zikafumbua macho. Thelathini na mbili nukta tisa. Thelathini na tatu. Watu wazima watatu walisimama mbele ya tarakimu nyekundu wakizisoma kwa sauti, kama wanaosikiliza matokeo ya mtihani wa mtoto mmoja.

Zilipofika thelathini na saba nukta tano zikatulia, na hakuna aliyeshangilia. Joto lilikuwa limerudi. Kama lilikuta mtu ndani, hilo kompyuta haikuwa na namna ya kulijua.

"Yatazamwe," alisema Bi Lenzi.

Walifunga madirisha, wakateremsha pazia. Kitindamimba alichukua yai la kwanza kwa vidole viwili, na Mkurugenzi, kwa kuwa hakupewa kazi nyingine yoyote ya kuaminiwa, akapewa tochi. Yai likawaka rangi ya chungwa. Mishipa myembamba ilionekana, na katikati yake doa jeusi, limetulia kimya.

"Labda limelala," alinong'ona kaka.

"Nyamaza."

Walisubiri. Doa likaruka, mara moja, kama mtu aliyeguswa mguu chini ya meza. Kitindamimba alitoa pumzi aliyokuwa ameibana tangu alfajiri. La pili likaruka. La tatu halikuruka, nao wakalingoja kwa muda mrefu kuliko yote kabla ya yeye kulitia alama ya kalamu na kulitenga. La nne, la tano, la sita, yote yalicheza. Mkurugenzi akapata nguvu za kusafisha koo.

"Si mnaona? Mimi nilijua tangu dukani kwamba hii bodi ni..."

"Kaka," alisema kitindamimba, akichukua yai la saba bila kumtazama. "Mayai bado mia mbili thelathini na nne. Shika tochi vizuri."