Ufagio wa Iliasi wafuta majina 612 ya Wamaza

"Mimi kila asubuhi najenga mji, naujaza watu, kisha naubomoa wote. Na hakuna hata mumoja amelia," anasema Iliasi Kamaldine, akivuta kiti mbele ya kompyuta.

Saa tatu asubuhi, nyuma ya soko la Kasongo. Jua limepata nguvu juu ya paneli mbili, na mashine pekee ya ofisi ya kuandikisha majina ya watoto imewaka. Iliasi, miaka 29, anabonyeza. Programu yake inaunda hifadhidata tupu, inaandika humo watu mia mbili wa uongo, inawatafuta, inawahesabu, kisha inaifuta hifadhidata nzima na watu wake. Sekunde arobaini. Mmoja wao anaitwa Mzee Kuku Tatu. Iliasi anaucheka utani wake mwenyewe, nasi tunamcheka yeye.

Hayo aliyasema mwezi wa tano. Tangu siku hiyo hajayarudia.

Kazi yake si mchezo. Fundi wa bati humwaga maji juu ya paa jipya kabla mvua haijaja kumwonyesha tundu. Iliasi naye kila akibadilisha programu ya majina huijaribu kwanza kwa watu wa uongo, ili wa kweli wasiumie.

Shida ni umeme. Wingu likipita, mashine inazimika katikati ya jaribio, na hifadhidata ya uongo inabaki bila kufutwa. Mwezi huo zilifika tisini, diski ikajaa. Ndipo akaandika amri fupi aliyoiita ufagio: orodhesha kila hifadhidata ambayo jina lake linaanza na "jaribio", uliza mara moja "Nifute zote?", ukijibiwa ndiyo, futa.

Sasa sikia balaa. Mama Léontine, muuguzi wa eneo la Wamaza, alikuwa anakusanya majina ya watoto waliozaliwa porini wakati familia zao zilipokimbia mapigano, watoto wasio na cheti cha kuzaliwa. Wafadhili walisema waanze na kijiji kimoja, waone. Kwa hiyo hifadhidata ikaitwa "jaribio_wamaza". Kijiji kimoja kikawa kumi na vinne, watoto wakawa 612, na jina likabaki lilelile.

"Nilisema nitalibadilisha siku ya kwanza ya juma," anasema Iliasi. "Siku za kwanza zilipita nyingi."

Adhuhuri ya siku ile tuliyomtembelea, ufagio ulikuwa umeuliza swali lake, adhana ikaita. Iliasi alisema ataisoma orodha vizuri akirudi, akaenda kuswali. Mwandishi wa makala haya alikuwa nje, akinunua karanga kwa Binti, muuzaji wa hapo mlangoni.

Iliasi aliporudi, diski ilikuwa nyepesi. Alisimama, kofia mkononi, akitafuta Wamaza mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Tulimtania kwamba leo watalia. Hakucheka. Hadi leo anaamini alibonyeza mwenyewe akiinuka, bila akili yake kujua.

Nakala ya akiba ilikuwa kwenye flash: ya zamani, watoto 188. Na madaftari? Kasongo karatasi iliyoandikwa haitupwi. Yakishaingizwa kwenye mashine, huuzwa sokoni kufungia karanga. Wiki nzima Iliasi alizunguka kwa wauzaji akikunjua vifuko kimoja kimoja, akinakili majina yenye mafuta na chumvi. Alipata 97. Wengine walikwisha kuliwa, kama wanavyosema watu wa soko, ambao sasa wanamwita Bwana Ufagio.

Mahakimu watafika Wamaza mwezi wa tisa kutoa vyeti. Mtoto asiyekuwa kwenye orodha hapati, na asiye na cheti atakwama mlango wa mtihani wa shule. Mama Léontine amerudi barabarani, pikipiki panapopitika, miguu panapokataa. Mshahara wa Iliasi, dola 120 ukifika, nusu unakwenda kwenye petroli hiyo.

Mama mmoja alimfungia muuguzi huyo mlango. Mumewe ndiye aliyekuwa anajua tarehe ya kuzaliwa mtoto, naye amekwisha kufa. "Mulichukua jina la mutoto wangu, mukalipoteza," alimwambia Mama Léontine. "Sasa munakuja kuchukua nini tena?"

Mpango wa Iliasi ni kupata mashine ya pili, iwe ya majaribio tu, isiyojua mtu wa kweli hata mmoja. Kabla ya hapo anataka kwenda Wamaza, asimame mbele ya akina mama na kusema kosa ni lake.

Juzi tuliwasomea makala haya, yeye na Mama Léontine, wasahihishe. Mama Léontine aliomba turudie pale mwandishi alipokuwa nje akinunua karanga. Tukarudia.

"Ile siku nilikuwa ndani," alisema taratibu. "Nilikuwa nimelala kwenye mukeka nyuma ya pazia, miguu inauma. Ulikaa kwenye kiti cha Iliasi, ukabonyeza, ukacheka. Kisha ndiyo ukatoka kununua karanga. Nilifikiri alikutuma. Nilipojua hapana, nikangoja uandike mwenyewe."

Iliasi alikuwa anatutazama.

"Pikipiki inaondoka kesho asubuhi, bwana mwandishi," alisema Mama Léontine. "Iliasi atabaki. Utapanda wewe."